Ajira Ilipofungwa, Kazi Ikabisha Hodi

Kwa mjukuu wangu mpendwa Kabula,

Mwangaluka. Sisi hapa Bariadi tu wazima kwa neema ya Mungu. Bibi yako amepona goti na anakusalimu.

Nimepokea kwa heshima swali lako kuhusu tofauti ya "job" na "work". Mimi nilifundishwa tofauti hiyo na jirani yetu mjane, Mayu Ng'washi.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, kiwanda cha ushirika kilifungwa, nami karani wake nikajifungia nyumbani kwa aibu. Akaja Mayu Ng'washi, ambaye shemeji yake alikuwa amemnyang'anya shamba.

"Niandikie ombi kwa baraza la kata."

"Mayu, sina kazi tena."

"Huna kazi? Basi una nafasi. Andika!"

Nikaandika, na baraza likamrudishia shamba lake. "Job" ilikuwa ile ajira niliyopewa na kiwanda, ikafungwa nacho. "Work" ni ile kazi ya kuandika ambayo Mayu aliikuta bado ninayo.

Mvua zilipoanza, alileta kikundi chake cha kulima. Walilima shamba langu lote kwa nyimbo, nami nikawatekea maji nikiwa na tai yangu ya ukarani shingoni, huku wakinicheka. Namshukuru hadi leo.

Ni mimi babu yako, ninayekuombea heri.