Mfuko wa Shati la Bernado

Kigera, Musoma

Mdogo wangu Happyness,

Huku wazima, mihogo imekubali. Jana nilienda parokiani kuona kile kitambaa chako cha viraka kwenye maonyesho. Watu wanakisifia, na mimi napiga makofi. Halafu nikaona kiraka cha bluu, pale uliposhona ziwa, nikasogea karibu: ni mfuko wa shati. Mfuko ule niliushonaga mimi, kwa uzi wa kijani wa nyavu na mafundo yangu matatu. Ndilo shati alilovaa mume wangu Bernado siku mtumbwi ulipozama akitoka kisiwa cha Rukuba. Mwili hatukuupata. Miaka sita namuombeaga misa ya marehemu!

Najua unanunuaga nguo kuukuu hapo Bunda, na Bernado hukuwahi kumwona. Niambie tu, aliyekuuzia shati hilo anachechemea mguu wa kushoto kama yeye?

Dada yako,
Dorah