Mchezo wa Sarafu Ulikotoka

Mjukuu wangu Idrisa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Itetemia tunaendelea, ila babu yako bado hatoki kitandani.

Umeniuliza ule mchezo wa kufanya sarafu ipotee kiganjani niliutoa wapi. Alinifundisha bibi yangu. Siku moja, nikiwa msichana, niliucheza arusini, watu wakacheka na kupiga makofi. Bibi peke yake aliinuka akaingia ndani. Nikamfuata.

"Bibi, nimekosea?"

"Hujakosea. Mama yangu alifundishwa na dada yake, walipoletwa huku na msafara kutoka Manyema, wakiwa watoto watumwa. Sarafu hawakuwa nayo. Dada alikuwa anampotezea kokoto kiganjani ili asilie njiani."

"Na huyo dada?"

"Hapa Tabora alifika mama peke yake."

Nilitaka kumwuliza jina la huyo dada, lakini bibi alikuwa analia, nikasema nitauliza siku nyingine. Sikuuliza. Bibi alifariki, na leo hakuna anayelijua. Kila nikiwachezea watoto, hilo huniuma.

Wewe umefanya vizuri kuuliza mapema. Ukiwachezea wenzako, waambie aliyetuachia mchezo huu alikuwa mtoto wa kike, na alikuwa na jina.

Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako,
Mwajuma