Kikwembe cha Buluu chenye Ndege

Melbourne, Jumapili tarehe 13, mwezi wa saba. Asubuhi ukungu na baridi, bila mvua.

Mama mpenzi,

Nakusalimu wewe na nyumba yote ya Bihambwe. Kifua kinaendeleaje? Kaka Janvier ameniambia bado unalala kwenye mkeka, ndiyo maana naandika leo. Nitaipiga picha barua hii niitume kwenye simu yake, akusomee polepole.

Mimi nina afya. Naenda kazini kufunga mboga kwenye makarato, yaani maboksi, narudi, nakula. Watu wa kanisa huniuliza kama ninamlilia Papa, baba yetu aliyetuacha. Silii. Niko kama mguu uliokufa ganzi: najua upo, lakini hausikii kitu.

Ulisema hutaondoa kilio, hutamaliza matanga ya Papa, mpaka watoto wako wote tuvae sare ya kikwembe kimoja, kile cha buluu chenye ndege weupe, na kwamba mpaka siku hiyo hutapanda kitandani wala kushika jembe. Kipande changu kiko katika sanduku lako, na hakuna mtu wa kukileta huku. Basi jana nilikwenda katikati ya mji kutafuta kinachofanana nacho. Mama Riziki, mtu wa kule kwetu Mpofi, tunayesali naye, alinisindikiza.

Kuna barabara ambayo magari hayapiti, ni tramu na watu wa miguu tu, na pande zote ni magazini, yaani maduka makubwa. Tuliingia katika ile kubwa kuliko zote, yenye ngazi zinazopanda zenyewe. Mama Riziki alishika mkono wangu.

"Furaha, unatafuta kikwembe huku kwa bazungu? Hapa banauza nguo yenye ilikwisha kushonwa."

"Tuangalie tu, Mama Riziki."

"Tuangalie. Kuangalia njo bure."

Juu, penye mashuka, nikaona kitambaa cha buluu chenye ndege weupe. Nilikigeuza nione kama rangi imeingia pande zote mbili, kisha nikalowesha kidole kwa mate nikasugua, kama ulivyotufundisha sokoni. Muuzaji, mwanamke wa makamo, alikuja haraka akitazama kidole changu. Nikamweleza: nataka yadi sita, za kilio cha baba yangu.

"Pole sana," alisema. "Lakini haya ni mapazia."

Akaenda mwenyewe kutafuta, akarudi na kitambaa cha meza. "Na hiki? Hiki pia kina ndege."

Walikuwa mabata. Mama Riziki aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilijifunga lile pazia mbele ya kioo. Pete za chuma zikagongana kiunoni. Nikamtazama yule mwanamke wa kiooni na sikusikia kitu, hata haya. Nikalifungua, nikalikunja nilivyolikuta.

Nje, Mama Riziki alikuwa ameacha kucheka.

"Mama yako iko na miaka ngapi?"

"Karibu sabini."

"Na baridi ya Masisi, pale chini. Nani anamulaza pale? Kilio ao wewe?"

 Tulipanda treni kurudi.

Mama, anayekulaza pale chini ni mimi. Sitakipata kitambaa kile huku, na ruhusa ya kusafiri sina. Nakuomba uondoe kilio Jumamosi hii, kabla ndugu wa Itebero waliokuja kwenye kilio hawajaanza safari yao ya miguu kurudi. Kipande changu kitoe sandukuni, apewe Mama mdogo, aliyemfumba Papa macho. Akivaa yeye, akasimama mahali pangu, watoto wako wote watakuwa wamevaa. Usiku huo panda kitandani. Mimi kilio changu kitakuja siku kitakayotaka. Usikingojee.

Unisalimie Mama mdogo, Kaka Janvier na mke wake, shangazi anayeuza maziwa, na yule mzee wa kanisa aliyechimba kaburi.

Ni mimi mtoto wako,
Furaha

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuituma: usingizi ulinipata saa tisa za usiku, kabla ya hapo nilikuwa nikimwaza Papa.