Neno la Kuungua

Bukavu, Cimpunda, tarehe 20 mwezi wa pili 1974

Kwa yaya wangu Emérence, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na batoto wote pale Minova. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mwili iko muzima, Mungu asifiwe. Jina lako la ubatizo nimeliandika kusudi. Serikali iliyokataza majina ya Kikristo haisomi barua zangu.

Yaya, unajua nafanya kazi ya nyumba kwa yule Muturuki mwenye duka la vitambaa. Bibi yake, madame Nermin, ndiye alinifundisha luga yao. Kila nikipiga pasi anaweka disiki, anasikiliza, analia, halafu ananielezea neno kwa neno kwa Kifaransa. Nilidaka upesi, unanijua kwa nyimbo! Lakini kuomba chumvi kwa Kituruki siwezi. Niko tu na machozi, kuachwa, na yansın. Madame alisema yansın ni "iungue", na katika nyimbo zao kinachoungua ni moyo, kila mara.

Serikali ilipotangaza kwamba maduka ya wageni yatapewa Wazaïrois, patron, yule Muturuki, akaacha kula. Siku moja nikamusikia kwa telefone na ndugu yake: depo, depo, kisha yansın. Nikacheka peke yangu jikoni. Nikajisemea, ee, muzee amepata deuxième bureau, bibi wa pembeni, na wanakutana kwenye depo yake ya vitambaa!

Siku mbili nyuma ya telefone ile depo iliungua, na bwana yako Polycarpe, sentinelle mwenye kulinda pale usiku, wakamufunga. Patron alisema alilewa, akaacha mbabula yake ya makaa ikiwaka. Nawe ukaamini, ukamuandikia kwamba humutaki tena.

Yaya, Polycarpe hakulewa. Jioni ile alikula kwangu, hakunywa hata chupa moja. Nilinyamaza miezi miwili kwa kuogopa kufukuzwa, nikijidanganya kwamba neno nililisikia vibaya. Nasikia haya sana. Unisamehe kama unaweza. Kesho asubui naenda parquet, kwa waendesha mashtaka, kusema yote.

Lakini leo nilimuuliza madame kama yansın inaweza kuwa ya nyumba pia. Akaacha kulia, akasema ndiyo. Kumbe patron alikuwa mulangoni. Akatabasamu, akaniambia pole pole: unut. Ni "sahau". Katika disiki zao, mwenye kuambiwa hivyo haonekani tena. Kisha akasema kesho atanipitia mwenyewe na gari, nisichoke kwa mguu.

Nitatoka mbele ya jua kutoka, yeye asinikute. Barua hii nampa Placide wa boti, akupe mukononi. Ukisikia sikufika parquet, uipeleke wewe.

Ubusu batoto. Na Polycarpe umuite tena bwana yako.

Mudogo wako,
Cibalonza