Waya Kupitia Dirisha la Kanisa

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaeleza shida yangu naomba pia usilichapishe jina langu, kwa maana mimi ni mwenyekiti wa baraza la wazee katika kanisa letu hapa Nakuru, nimefundisha Maandiko katika chuo cha wachungaji kwa miaka ishirini na tisa, na watu wanaonipa mkono mlangoni kila Jumapili wangeumia kusikia haya.

Mwaka jana binti yangu Jerotich, ambaye ni muuguzi ng'ambo, alinitumia gari la umeme la kunipeleka kanisani, sokoni na mara moja moja shambani Njoro, na pamoja na gari akatuma shilingi laki tatu na nusu za kuweka chaja nyumbani kwangu Milimani, nami nikataka chaja ya ukutani kama ile ya jirani yangu Daktari Sitati, ambayo huwaka taa ya buluu, nikamwita fundi wa stima aitwaye Bravin, naye akafungua kisanduku cha swichi, akatazama, akakifunga tena polepole kama mtu aliyechungulia chumba cha mgonjwa.

"Mzee," akaniambia, "hizi waya ni za kitambo kuniliko. Ukitaka chaja kama ya Daktari ni kung'oa zote, tuvute laini kubwa kutoka kwa nguzo, halafu ndio tuongee mambo ya chaja."

Hesabu yake ilifika laki tatu na arobaini elfu, na alipoanza kunieleza kwamba iko njia nyingine nilimwambia inatosha, kwa kuwa sikupenda kuonekana mtu wa kutafuta vya rahisi.

Kwa hiyo fedha zilikuwapo, Mshauri, naomba hilo uliweke moyoni. Lakini Jumapili iliyofuata ilikuwa harambee ya kumalizia ukumbi wa kanisa, na mgeni wa heshima tuliyemngoja hakuja, alituma bahasha nyembamba tu, na Mchungaji Wasike akasimama na kipaza sauti akauliza, "Kwani leo Bwana amekosa mtu?" na kusanyiko lote likageuka kutazama safu ya mbele, ambayo ndiyo safu ninayoketi, kisha nikaletewa kipaza sauti na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema laki tatu na nusu. Watu walisimama wakapiga makofi, akina mama wakanivisha leso mabegani, na baadaye jina langu likachongwa kwenye jiwe la ukutani. Nilitoa kwa furaha, Mungu ni shahidi wangu. Ila nilipofika nyumbani gari lilikuwa limebakiwa na asilimia kumi na moja.

Nilijaribu soketi ya jikoni, ikapata moto na kuanza kunuka. Ukumbi mpya nao una nyaya mpya kabisa, zilizonunuliwa kwa fedha yangu, au tuseme kwa fedha ya chaja yangu, hivyo Jumanne moja nikaliegesha gari nyuma ya ukumbi, nikapitisha waya katika dirisha la ofisi ya wazee, nyuma ya pazia, nikaketi humo na Maandiko nikisubiri, kwa kuwa gari huhitaji saa tano au sita na si vizuri kuliacha peke yake, na tangu siku hiyo nimefanya hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa kwa miezi mitano.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba ninafunga. Ni Mchungaji mwenyewe aliyenikuta mara tatu, akatangaza madhabahuni kwamba mwenyekiti wetu, akiwa na miaka sabini na miwili, hufunga na kuomba kutwa mara mbili kwa wiki ilhali vijana wamelala, nami sikuona namna ya kumsahihisha mtumishi wa Mungu mbele ya watu. Sasa akina mama wanne huja kufunga pamoja nami, na mmoja wao, Mama Akoth, ambaye kesi ya shamba lake iliisha vizuri, hushuhudia kwamba ni kwa sababu ya mfungo wangu, kwa hiyo siku hizo hulazimika kunywa uji wangu mapema nyumbani na kujipangusa midomo kwa makini.

Taabu yangu, Mshauri, ni kwamba Jerotich anakuja likizo baada ya wiki tatu. Aliwahi kuniomba picha ya chaja, nami nikaenda kwa Daktari Sitati nikapiga picha ya kwake, nikaituma na maneno "Tazama chaja," ambayo ukiyapima vizuri si uongo. Sasa atataka kuiona kwa macho. Je, nichukue mkopo katika sacco ili niiweke kabla hajafika, au nimwambie kwamba fundi ameing'oa aende kuitengeneza?

Liko pia jambo jingine dogo. Mweka hazina analalamika kwamba tokeni za stima za elfu mbili, zilizokuwa zikitosha mwezi mzima, siku hizi hazivuki wiki mbili, na baraza limeamua kwamba mkosaji ni Eucabeth, mama anayesafisha ukumbi, kwa kuwa ana birika la stima, na barua ya kumwachisha kazi iko mezani kwangu ikingoja sahihi. Alipoitwa mbele yetu alisema kwa sauti ya chini, "Mimi huchemsha chai mara moja tu, na chai yenyewe ni yenu." Kisha akanigeukia akasema, "Mzee, wewe hushinda hapa. Wewe unajua." Sikufurahia kuingizwa katika mambo yake, ingawa ni mama mwema, mwenye watoto watatu shuleni, na hata waya wangu huuinua kwa mkono anapoosha sakafu usije ukalowa.

Naomba unishauri hasa kuhusu chaja.

Wako katika imani,
Mzee wa Milimani.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Uliniomba nilifiche jina lako, na nimelificha. La Eucabeth hukuniomba nilifiche. Nimempa jingine mimi mwenyewe, pamoja na wengine wote.

Nianze na ulichouliza. Chaja ile huihitaji. Nimemuuliza fundi ninayemwamini, akaniambia gari la safari kama zako linatoshwa na soketi moja ya kawaida, mradi soketi hiyo ivutiwe waya wake yenyewe, mpya na mnene, kutoka kwenye swichi kuu, iwe na swichi yake ya kujikata na waya wa kuingia ardhini. Alitaja elfu kumi na tano, pengine ishirini kwa nyumba ya zamani. Naamini hiyo ndiyo njia nyingine ambayo Bravin alitaka kukueleza ukamkatiza. Mwite tena, na safari hii mwache amalize sentensi.

Tuseme ukweli, Mzee. Ulichotaka ni ile taa ya buluu. Ulipoikosa ukutani kwako, ukaipata madhabahuni.

Mkopo wa sacco usichukue. Mpigie Jerotich leo, kabla hajanunua tiketi, umwambie kwamba chaja aliyoiona ni ya Daktari na kwamba fedha zake ziko kwenye ukumbi wa kanisa, chini ya jina lako. Atakasirika, na ana haki. Muulize kama angependa jina lake lichongwe pale, kwa kuwa aliyetoa ni yeye.

Sasa lile uliloliita jambo dogo, ukaliweka mwisho wa barua. Nilipolisoma mara ya pili sikucheka tena. Mama huyu ameuinua waya wako mara mbili kwa wiki kwa miezi mitano. Anajua unakoanzia na anajua unakoishia. Alisimama mbele ya baraza, kazi yake ikimponyoka na ada ya watoto watatu ikimngoja, na angeweza kuonyesha dirisha kwa kidole yakaisha. Badala yake alisema, "Wewe unajua," akakuachia wewe umalizie. Umefundisha Maandiko miaka ishirini na tisa, lakini nadhani hujawahi kuhubiriwa kwa upole namna hiyo. Nawe ukakasirika kwa kuingizwa katika mambo yake! Mambo hayo ni ya nani, Mzee?

Barua ile usiitie sahihi. Wala usiichane kimya kimya, halafu uliambie baraza kwamba umemsamehe. Jumapili hii, wakati wa matangazo, omba kipaza sauti kilekile cha harambee. Sema kwamba stima uliitumia wewe, kwamba hukuwa unafunga, na kwamba Eucabeth hana kosa. Usiongeze mahubiri. Ukishuka, mpe mweka hazina elfu kumi na tano, na ikiwa hesabu yake itazidi hapo, ongeza. Akina mama wanne waombe radhi mmoja mmoja, na uwaambie wako huru kula. Wakiendelea kufunga, uketi nao, na asubuhi hiyo uji ubaki sufuriani.

Najua unachokiogopa. Watu hawatakutazama tena kama walivyokutazama. Ni kweli, hawatakutazama hivyo. Lakini wewe utapoteza makofi, na Eucabeth yuko karibu kupoteza mshahara.

Na Jumapili hiyo gari liache nyumbani. Kutoka Milimani nenda kwa miguu, utoke mapema, kabla ya mchungaji na kabla ya kwaya. Utamkuta Eucabeth akiosha sakafu. Mwambie yeye kwanza.