Waya Mnene Kutoka Ubelgiji

Baba Monga, mume wangu,

Nimeshona suruali tatu tangu asubuhi na zote nimeziharibu kwa sababu yako. Miezi minane uko kaburini na bado unanikasirisha. Basi nimeacha cherehani, nimechukua daftari la Monga, nikwambie yote halafu nirudi kwenye kazi za watu.

Nianze na ule waya. Ulitoka asubuhi na baiskeli, ukarudi kwa miguu umebeba waya mweusi, mnene kama mkono wa mtoto. Yule bwana wa suti ya abakosti aliyerudi kutoka Ubelgiji ndiye aliyekubadilishia. Baiskeli nzima, Baba Monga, kwa mita mbili za waya wa kupeleka umeme kwenye gramafoni. Ukaniambia, "Mama, courant ikipita mu waya mubaya, muziki inachafuka. Hii itaisafisha."

Nilikuuliza kwa upole, kisha bila upole. Shaba ya mle ndani si ileile unayoisaga wewe kinuni, kule mgodini, kila siku? Inatoka hapa, inapanda meli, inarudi imevaa mpira, nasi tunaishangilia kama mgeni. Na umeme wenyewe unatoka mbali kule kwenye maporomoko, unapita kwenye nyaya za mtaa wetu wa Kamalondo zilizofungwafungwa vitambaa, unaingia ukutani kwetu kwa kawaya kembamba kama uzi wangu. Hizo mita mbili za mwisho zitausafisha nini? Mtu aliyekanyaga matope njia nzima hasafishwi na kizingiti cha mlango. Hukujibu. Siku hizo ulikuwa hujibu mara nyingi, hasa nikisema nawe nikiwa jikoni, nami nikaona umeanza kiburi.

Kila Jumapili tukitoka misa, kwetu ilianza misa ya pili. Uliweka rumba, sauti juu mpaka jirani agonge ukuta, ukanikalisha kitini, ukanikodolea macho mdomoni. "Unasikia? Iko tofauti?" Nami kila Jumapili nilikujibu, "Njo ileile tu, Baba Monga, muziki ni uleule. Hakuna kitu." Ulipangusa santuri, ukajaribu nyingine.

Nikachoka. Jumamosi moja nikauchomoa waya wako, nikauficha chini ya vitambaa vya wateja, nikachomeka waya wa pasi, ule niliouzungushia plasta pale ulipoungua. Kesho yake ukaja na Kalenga na mwenzenu mwingine wa kinuni, mkakaa na chupa zenu. Ukafumba macho. "Musikie," ukawaambia, "njo waya ya Ubelgiji." Nikaingia na pasi mkononi, haina waya, nikawaomba wageni watazame nyuma ya gramafoni. Yule mwenzenu alicheka mpaka akamwaga bia. Kalenga hakucheka. Wewe ulicheka, na hata ulinisifu kwa akili. Tangu siku ile hukuweka tena santuri, nami nikajigamba sokoni kwamba nimekuponya ugonjwa wa waya.

Homa ikakuchukua kwa siku nne. Siku ya tatu ya kilio nilimpelekea Kalenga maji ya kunawa kabla ya kula bukari, ugali wetu, nikamkumbusha kisa cha pasi ili tucheke kidogo, maana hata kilioni watu hucheka. Akaniangalia sana. "Mama, hakukuambiaka? Kule kazi tulikuwa tunasemaka naye na mikono. Kelele ya kinu ilimaliza masikio yake." Akasema uliwaapisha wasiseme, kwa kuogopa kwamba wakubwa wakijua watakuondoa, na posho na shule ya Monga viondoke nawe.

Nilikaa chini palepale na birika langu. Kumbe muziki ulikuwa unakufifia, ukadhani ni gramafoni inayokufa, ukatoa baiskeli kuiokoa. Jumapili zote zile hukuwa unajisifu. Ulikuwa unaniuliza kweli, kwa sababu masikio mazima ya nyumba ile yalikuwa yangu. Na mimi nilikujibu ukweli kila mara, mpaka ukajua ubovu uko wapi. Halafu nikakuletea wageni wa kukucheka.

Waya ule haukuwa na faida yoyote. Hilo siliondoi, hata mbele ya kaburi lako. Lakini wewe mwanaume, miaka kumi na tisa kitanda kimoja, kinu kizima kinajua, na mimi unanificha? Uliogopa nitafanya nini? Ningegomba, ndiyo, siku mbili. Siku ya tatu ningejifunza hiyo mikono yenu.

Sasa ndiyo najifunza, mjinga mimi. Kalenga ananifundisha akipita. Najua "maji", najua "simama", najua "hatari, toka". Jana nilimwomba anionyeshe "nisamehe". Alifikiri sana, akajaribu hivi na vile, mwisho akashusha mikono. Akasema kinuni hawakuwa nayo.

Kwa hiyo naiandika. Nisamehe, Baba Monga. Lala.

Mkeo,
Mama Monga