Hata Sufuria Iko Eda

Jumatatu, 3 Novemba

Salaam aleikum, daftari. Hujambo? Vumbi la Mafubira linakuendeaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ni magoti tu. Mjukuu wangu Sauda alikuacha hapa na kurasa nyingi tupu. Nimeona nikusalimie kwanza. Adabu ni adabu, hata kwa karatasi.

Nimefagia. Nimesali. Nimevaa nyeupe. Leo siku ya mia tangu Mzee wangu afariki. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi: sitoki nyumbani, sijipambi, sijitii manukato.

Ramadhani amepiga simu tena kutoka Mbale. Chumba changu kwake kimeshapakwa rangi ya samawati. Eda ikiisha ananihamisha, na nyumba hii tunapangisha. Hakuniuliza, ameniarifu. Sitaki chumba cha samawati. Nataka nyumba yangu, na mlango wake unaokwama, na cherehani ya Mzee pale dirishani.

Sikumwambia. Nimesema, "Mwanangu, niko eda." Akaniaga, akakata simu.

Ramadhani ni mwalimu wa sekondari, ana mvi. Lakini akikataliwa kitu kidevu kinamtetemeka, tangu ana miaka miwili. Sijawahi kukishinda kile kidevu.

Alhamisi, 6 Novemba

Wifi yangu ametuma mtu kuazima sufuria kubwa ya pilau. Mara ya mwisho ilirudi bila mfuniko. Nimejibu kwamba hata sufuria iko eda. Yule mtu akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Nimecheka. Nikatubu. Nikacheka tena.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Waiswa, jirani yangu, ametoka kanisani kwao akapitia hapa na ndizi. Tumemzungumza Mzee. Haiwezekani kumzungumza Mzee kwa huzuni. Nimejaribu.

Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini na futi ya kupimia hakuigusa. Alisema futi ni ya mafundi wasio na macho. Wateja wake wa kanzu aliwapima msikitini, kwa jicho, wakiwa wamerukuu mbele yake. Basi kanzu ya Mzee ilimkaa mtu vizuri sana akiwa ameinama. Akisimama, vifundo na nusu ya muundi viko nje. Ukienda kulalamika anakuambia, "Wewe umerefuka." Watu wazima, wenye wajukuu, anawaambia wamerefuka. Nao wakarudi mwaka uliofuata kushona nyingine, kwa sababu ya maneno yake. Alikuwa akiongea na mteja, na kitambaa, na kifungo kilichodondoka.

Mama Waiswa naye alishonewa gomesi, lile gauni lao refu la mabega yaliyochongoka. Anasema mpaka leo hawezi kukaa nayo, anaweza kusimama tu.

Jumanne, 18 Novemba

Habari mbaya. Ramadhani amekodi lori. Amehesabu miezi kwenye kalenda ya ukutani, eda inaisha Jumapili tarehe 7 Desemba, na lori linakuja asubuhi hiyohiyo. Kitanda, kabati, cherehani, mimi.

Nimesema niko eda. Akasema, "Ndiyo Mama, mpaka tarehe saba."

Sijala vizuri. Nimeitegemea eda kama wakili na sasa wakili anastaafu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mwalimu Zuhura wa madrasa amekuja kunijulia hali. Ni binti mdogo lakini amesoma. Amesema mwezi umeandama jana, na kwa vile Mzee alifariki siku ya kwanza ya mwezi, miezi yangu minne imekamilika. Zimebaki siku kumi tu. Jumanne tarehe 2 niko huru.

Nikamwambia mwanangu amehesabu tarehe saba. Akacheka. Ramadhani amehesabu miezi ya kalenda, na eda inakwenda kwa mwezi wa mbinguni. Anafundisha hesabu, huyo.

Kwa hiyo nina siku tano ambazo hakuna anayezijua.

Je, kunyamaza ni uongo? Nimeswali rakaa mbili juu ya jambo hili. Hakuna aliyeniuliza. Akiniuliza nitasema.

Jumatatu, 1 Desemba

Hajaniuliza. Amepiga mara tatu wiki hii, ni lori tu, lori tu.

Naogopa. Si lori. Naogopa kidevu. Kwenye simu nimejificha nyuma ya eda siku zote hizi, na kesho sina pa kujificha. Nikingoja aje hapa na watu wa kubeba, nitapanda lori kimya, najijua. Lazima nimwambie kwake, mapema, kwa mdomo wangu.

Na kuna kaburi. Walimpeleka Mzee Mbale akalale karibu na baba yake. Mimi nilibaki humu. Sijaliona.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeoga. Leso ya zambarau. Manukato, labda nimezidisha. Mama Waiswa ameyasikia akiwa kwake, akaja mpaka kwenye ua.

"Mama Ramadhani, wewe unakwenda wapi na harufu hii?"

"Kwa mume wangu."

Nikamweleza. Akanisukumia mlango ukafungika, nikapanda basi.

Jumatano, 3 Desemba. Mbale

Nimelala kwa binamu yangu, makaburini nimekwenda asubuhi. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa wazi, hauna wingu.

Mlinzi wa makaburi ni mzee aliyekuwa askari zamani, wote wanamwita Afande. Alisimama kunipokea. Kanzu yake iliishia chini kidogo tu ya magoti. Sikuhitaji kuuliza fundi ni nani.

"Hajati," akasema, "huyu bwana alinipima nikichimba."

Nimecheka makaburini. Mungu anisamehe. Afande naye alicheka, amejishika kiuno.

Kisha nikaliona jiwe. Mume, baba na babu mpendwa. Hapo sawa. Chini yake: Mtu wa maneno machache.

Maneno machache! Nimelisoma mara mbili nikidhani nimesimama kwenye kaburi la mtu mwingine. Nimemsomea Fatiha, nikamwambia nitashughulikia.

Kwa Ramadhani nimemkuta anakunywa chai. Kijiko kilianguka. "Mama! Eda!" Nikamweleza mwezi. Akaenda ukutani, akaishusha kalenda, akahesabu kwa kidole. Nikamwacha amalize. Halafu nikasema kabla sijaketi, maana nikiketi sisemi.

"Ramadhani, mimi sihami. Nyumba yangu iko Mafubira."

Kidevu kikaanza. Nililitazama dirisha. Nililitazama sana.

Akasema polepole, "Mama, si kwamba huwezi kukaa peke yako. Ni mimi. Tangu tumzike hakuna mtu anayenitania."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mzee alikuwa akimpigia kila asubuhi kumuuliza kama shule yake imeshafungwa kwa aibu. Kila asubuhi, miaka kumi na tisa. Nilidhani yanamuudhi.

Nikamuuliza na yale maneno machache yametoka wapi. Akasema fundi wa mawe alimtaka aeleze baba alikuwa mtu gani, yeye akalipa tu akaondoka, basi fundi akamchagulia kutoka kwenye orodha yake.

Nimeketi. Nimemwambia ya Afande na kuchimba. Amecheka mpaka kikombe kimemwagika, kisha akalia, kisha akampigia mwenye lori. Sauda, aliyehamishiwa sebuleni kwa ajili yangu, alisharudisha godoro lake kwenye samawati kabla sijamaliza chai.

Jumapili, 7 Desemba. Mafubira

Leo ndiyo tarehe yake. Hakuna lori. Manyunyu asubuhi, basi.

Nimefuta vumbi kwenye cherehani. Nimekaa upande wa Mzee kitandani. Siku hizi zote nilikuwa na kazi ya kulinda nyumba. Leo hakuna anayeitaka. Nikamlilia mume wangu, vizuri, bila haraka, mara ya kwanza. Halafu nikaswali, nikaingia jikoni.

Nimemwandikia Ramadhani kwenye simu: Mwanangu, mimi sijambo. Shule yenu bado haijafungwa kwa aibu? Matoke ya mtu mmoja nimeshindwa kupika, kila siku yanabaki. Njoo Jumamosi na Sauda. Nijibu mapema.